Sehemu ya Kusikiliza

24 Mei

Baba,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani, na mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechoka, maana zimebaki wiki sita tufike kwenye mtihani na niko palepale nilipokuwa Desemba.

Simu najua huiwezi tangu masikio yako yastaafu, ndiyo maana naandika. Na wewe mama unayesoma juu ya bega lake, usianze kulia, bado sijafika kwenye mabaya.

Nikukumbushe jambo lenyewe, Baba, kwa sababu barua iliyopita ulinijibu kana kwamba nasomea udereva. Ile kampuni ya Kijapani inayotengeneza meli imenikubali kuwa fundi wa kuchomelea. Mikono yangu waliipima, wakanipa alama za juu kuliko mafundi wote kumi na wawili waliojaribiwa nami siku ile. Kilichobaki ni lugha. Nifaulu mtihani wa Kijapani, daraja la nne, la sivyo hakuna safari. Desemba nilianguka. Nafanya tena Julai. Wamesema watanisubiri mwisho hadi mtihani wa Desemba ijayo, baada ya hapo nafasi anapewa mwingine.

Sasa ona ujinga ulipo. Mtihani una alama mia na themanini, na ukipata tisini umefaulu. Mimi nilipata mia na nne! Lakini ndani yake kuna sehemu ya kusikiliza, yenye alama sitini, na hiyo lazima ufikishe angalau kumi na tisa. Nilipata kumi na tano. Basi kwa karatasi hiyohiyo moja nimefaulu na nimefeli.

Herufi zao, zile zinazoitwa kanji, nimezimeza mia tatu. Nazichora kwa chaki kwenye bati kazini kabla sijalikata. Hata muuguzi ninayeishi naye chumba kimoja, anayesomea mtihani huohuo ili akahudumie wazee wa huko, huja kuniuliza mimi. Lakini ikifika kusikiliza wanafungulia spika mbele ya ukumbi. Mwanamume na mwanamke wanabishana kuhusu kabati: liwekwe kando ya dirisha au nyuma ya mlango? Inapigwa mara moja tu, hairudiwi. Na wanaongea kama watu waliojifunika blanketi. Spika mbovu, feni inanguruma, mtu wa nyuma yangu anakohoa. Nani atafaulu hivyo? Muuguzi anadai yeye alisikia vizuri. Anajidai tu.

Niombeeni.

Mwanao,
Cheche


2 Juni

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Sisi tupo. Mgongo wa mama yako hulalamika asubuhi na jioni unasahau. Sikio langu la kushoto bado ni marehemu, la kulia linachechemea, na mwenyewe nimekaa hapa mlangoni mwa karakana nikikuandikia juu ya geti la zahanati ambalo rangi yake haijakauka. Ukiona alama ya kijani pembeni, ndiyo hiyo.

Unanishangaza. Wewe ndiye uliyekuwa unagonga mshono kwa nyundo ndogo, ukaniambia bila hata kuutazama kama umeshika au haukushika. Nilikufundisha mwenyewe: chuma kilichoshika hulia, chenye ufa hukohoa. Ukayajua hayo kabla hujaota ndevu. Leo Wajapani wawili na kabati lao wanakushinda?

Tatizo lako ni papara. Spika ikianza, fumba macho, tega sikio, usifikirie feni wala mwenye kikohozi. Mvumilivu hula mbivu.

Mama yako anasema ukimpigia simu unapayuka kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Jumatatu alikuuliza umekula nini, ukamjibu, "Jumapili." Amecheka mpaka amekaa chini. Anauliza kama huko mmeanza kula siku.

Soma, mwanangu.

Baba yako


12 Juni

Baba,

Shikamoo. Nashukuru mko salama. Mimi sijambo kwa desturi tu ya kusema sijambo.

Nimefumba macho kama ulivyonishauri. Imekuwa mbaya zaidi! Nikifumba macho hata kile kidogo nilichokuwa naambulia kinapotea. Kwa hiyo ahsante, ushauri huo uwape maadui.

Na usiniambie sina bidii. Nikutolee ushahidi. Mwalimu wetu ni mama mmoja wa makamo aliyeishi huko miaka tisa, hacheki ovyo na hasifii ovyo. Akisimama mbele yangu akaniuliza kitu kwa Kijapani, namjibu kabla hajamaliza. Amesema mbele ya darasa zima kwamba kwa mazungumzo hakuna wa kunifikia. Lakini akigeukia ubao huku anaongea, anamung'unya. Nimemwambia mara mbili, "Mwalimu, tafadhali usimung'unye." Watu wakanitazama kana kwamba nimemtukana. Nimehamia kiti cha mbele kabisa. Wiki iliyopita alikuwa na mafua akaja na barakoa, na siku hiyo sikutoka na neno hata moja. Anajua amevaa kitambaa mdomoni, kwa nini asipaze sauti?

Chumbani ndiyo usiseme. Naweka rekodi za mazoezi, muuguzi anapunguza. Naongeza, anapunguza. Jana jirani amegonga ukuta. Muuguzi akaniambia, "Kaka, hata yule mwenye kabati sasa anajua unamsikiliza." Tumenuniana tangu asubuhi.

Mbivu zenyewe nimezingoja mwaka mzima, Baba. Zinaoza mtini.

Cheche


30 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na mama yako anataka kujua kama umepatana na mwenzako wa chumbani. Patana naye.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilikuwa na neno la kukuambia, nikaliandika, nikalichana. Lisubiri mtihani upite.

Siku ya mtihani omba kukaa karibu na spika. Wakikukatalia, omba tena. Na wiki hii yote usishike grenda, chuma wakate wengine. Mwambie tajiri wako umeumia kidole, mwambie lolote. Usiniulize sababu.

Mungu akutangulie.

Baba yako


29 Agosti

Baba,

Shikamoo. Poleni na jua. Mimi ni mzima na nimefeli.

Jumla mia na kumi na nane. Kusikiliza kumi na nne. Nimesoma miezi sita, nimepanda kila mahali, na pale mahali pamoja tu panapotakiwa nimeshuka alama moja. Muuguzi aliyekuwa ananiuliza maana ya herufi amefaulu, ananunua begi. Alitaka kunifariji, nikamwambia aniache.

Niliomba kukaa mbele. Msimamizi akaniambia kila mtu na namba ya kiti chake, yangu safu ya saba. Spika ikaanza. Safari hii hawakuwa na kabati, walikuwa na mwavuli. Mtu kasahau mwavuli mahali fulani. Mpaka leo sijui ni wapi, na wala asinitume kuutafuta. Niliwatazama watu pembeni yangu wakiandika, wanaandika tu, kalamu za risasi zinakwenda, na mimi nimekodolea spika macho kama itanionea huruma. Mwishoni nilijaza majibu kwa kubahatisha. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, nabahatisha!

Kitabu nimekitupa ukutani. Baadaye nikakiokota, sina kingine.

Imebaki Desemba, basi. Sijui nibadilishe nini tena. Mwalimu nimembadilishia kiti, macho nimeyafumba, nimeyafumbua, rekodi nimesikiliza mpaka tumegombana na ukuta. Ulisema una neno. Liseme.

Cheche


6 Septemba

Mwanangu,

Sisi wazima. Leo salamu nazifanya fupi kwa sababu nikizirefusha nitaahirisha tena.

Si spika. Si feni, si mwalimu, si Wajapani. Ni masikio yako.

Najua kwa sababu ile barua yako ya Juni ningeweza kuiandika mimi nilipokuwa na umri huo. Mimi pia watu walianza kumung'unya. Nilimgombeza mwenye duka la vyuma kwamba anaongea na ndevu zake. Redio niliipandisha mpaka majirani wakawa hawana haja ya kununua ya kwao. Na nilianza kutazama watu midomo bila kujua kwamba natazama. Mama yako alidhani ni mapenzi mapya, akaanza kujipamba. Hajanisamehe mpaka leo.

Mwalimu akiwa mbele yako humsikii, unamsoma mdomo. Akigeukia ubao mdomo umeondoka, na maneno yameondoka nao. Akivaa barakoa ni hivyo hivyo. Ukifumba macho ndiyo umejimaliza, na huo ushauri niliutoa mimi. Spika ya mtihani haina mdomo, Cheche. Kwa Kiswahili hujagundua kwa sababu unakisia. Lugha uliyozaliwa nayo hukuzibia mashimo bila kukuambia. Kijapani hakikudai undugu, kinakuacha utumbukie.

Sasa lile gumu. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, likizo ya shule, siku ya tatu karakanani. Grenda ilikuwa inalia tangu asubuhi. Ulijiziba masikio kwa pamba ya mama yako. Nilikuja nikazichomoa kwa vidole vyangu hivi mbele ya mafundi wote, nikasema, "Fundi anayeogopa kelele akauze maua." Wakacheka. Na wewe ukacheka, nakumbuka, ulicheka kwa sababu wote walicheka. Hujaziba tena tangu siku ile.

Sikuwa mjinga wa kutojua. Masikio yangu yalikuwa yameshaanza kuniaga. Lakini karakana hii ilisifika kwa jambo moja, kwamba mafundi wake wanasikiliza chuma, na mtu aliyeziba masikio atasikiliza nini? Niliogopa sifa ipotee. Nikaichagua sifa.

Nilipoisoma barua yako ya Juni nilijua. Sikukuambia kwa sababu sikutaka kukuvunja moyo kabla ya mtihani. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba niliogopa utaniuliza yametoka wapi.

Nenda hospitali ukapimwe. Usingoje.

Baba yako


13 Septemba

Baba,

Shikamoo sijaiandika, umeona.

Nilikwenda kupimwa ili nikuletee karatasi ya kukuumbua. Wanakuingiza kwenye kibanda kidogo chenye kuta za sponji, wanakuvika visikilizio, wanakupa kitufe. Ukisikia mlio unabonyeza. Nilibonyeza mara chache, kisha mashine ikanyamaza. Nikakaa nikingoja waitengeneze. Nimekaa weee. Mpimaji akafungua mlango akaniambia tumemaliza, na kwamba milio haikukatika hata dakika moja.

Sauti nene ninazo. Nyembamba zimekwenda, na hazirudi. Daktari, kabla hata sijakaa vizuri kitini, aliniuliza, "Kazi yako ni ya vyuma?"

Tangu nikiwa mdogo unanipigia methali moja, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikavunjika sikio. Miaka kumi na sita nimefanya kazi masikio wazi nikijiona dume kuliko wenzangu. Kazini kwangu hapa nimewacheka watu waliovaa vizibo. Nimewaambia wakauze maua, Baba. Maneno yaleyale.

Na Juni ulijua. Ukaniacha niingie kwenye ukumbi ule nikaikodolee spika macho.

Kuna fomu, nimeuliza. Ukiijaza na kuambatanisha barua ya daktari, unaruhusiwa kuvaa kifaa cha kusikia na kukaa karibu na spika. Wasiosikia kabisa husamehewa sehemu hiyo nzima. Mimi ninachosikia ni kidogo mno kufaulu, na kingi mno kusamehewa. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe thelathini. Sitaijaza. Nani atampandisha ndege fundi ambaye yeye mwenyewe kaandika kwa mkono wake kwamba hasikii? Nitafanya kama nilivyofanya, nitabahatisha vizuri zaidi.

Usiniandikie.


21 Septemba

Mwanangu,

Umesema nisikuandikie. Tangu lini mimi nikasikia ninachoambiwa?

Sina cha kujitetea, kwa hiyo nakupa habari tu. Unajua jinsi ninavyofanya na wateja. Mtu anasema, mimi naitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, halafu akiondoka nawauliza mafundi alikuwa anataka nini. Nimefanya hivyo miaka ishirini. Ndiyo maana yule mwoka mikate nilimtengenezea geti la mita tatu kwenye uwazi wa mita mbili, nikashikilia kwamba ni yeye aliyekosea vipimo. Alikuwa hajakosea.

Jumatatu nimekata kipande cha bati, nikakichomelea herufi mwenyewe, nikakitundika mlangoni juu ya kichwa changu: FUNDI HASIKII VIZURI. SIMAMA MBELE YAKE, SEMA TARATIBU.

Mtaa umesoma. Wengine walicheka. Mwoka mikate alisoma, akasimama mbele yangu kama nilivyoomba, akanipayukia vilevile; nadhani yeye ana mengine moyoni, na haki anayo. Mama yako alisoma akaingia ndani. Baadaye akatoka, akasimama mbele yangu, akasema taratibu, "Haya." Basi, hilo tu.

Mafundi wote watatu nimewanunulia vizibo vya masikio. Yule mkubwa wao akaniuliza, "Na kusikiliza chuma je?" Nikamwambia tutakitazama, macho ya kuonea nyufa tunayo. Amevaa, lakini ameninunia. Hataki kuambiwa na mimi, na simlaumu.

Haya siandiki ili unisifu. Nimeliandika sikio langu juu ya bati, mtaa mzima umelisoma, na sijafa. Wewe ni karatasi moja tu, ataisoma mtu mmoja ofisini. Jaza fomu, Cheche. Nikasirikie ukiwa umeijaza.

Baba yako


18 Oktoba

Mwanangu,

Salamu. Tarehe thelathini imepita na sijui ulifanya nini. Mama yako alipokupigia hukupokea, akapiga tena, ukapokea na kusema uko kazini. Aliniambia kwamba hukupayuka. Ameshindwa kujua kama hilo ni zuri au baya.

Hulazimiki kunijibu. Niambie tu kama una afya.

Baba yako


9 Desemba

Baba,

Shikamoo. Nina afya. Mwambie mama nimepatana na muuguzi, amesafiri mwezi uliopita, nilimbebea begi.

Fomu nilijaza tarehe thelathini, ofisi ikiwa imebakiza dakika ishirini kufunga. Usijipe sifa, haikuwa kwa sababu ya bati lako. Ilikuwa kwa sababu nilikaa kwenye benchi nje ya ile ofisi tangu saa nne asubuhi nikitafuta njia nyingine, na njia nyingine haikuwepo.

Kifaa cha kusikia nakichukia. Wamenipa cha sikio moja, la kulia, lenye uhai zaidi. Siku ya kwanza nilidhani kuna mtu ananifuata na mfuko wa plastiki. Kumbe ni suruali yangu mwenyewe ninapotembea. Karatasi inapiga kelele. Vijiko vinapiga kelele. Sikujua kwamba mimi ninapotafuna nasikika hivyo, na sijui watu mliwezaje kula na mimi. Lakini s, na sh, na t, zile ndogondogo zilizokuwa zimepotea, zimerudi nusunusu, kama wageni ambao hawajui wakae wapi.

Nilimwambia mwalimu. Aliniomba nirudie mara mbili nisemalo, kwa sababu nilikuwa nanong'ona. Halafu akasema, "Kumbe ulikuwa hunitukani." Tangu siku hiyo kila Jumamosi alinibakiza saa nzima baada ya darasa, akavaa barakoa makusudi, akaniongelesha. Nikikosea hanionei huruma, anarudia tu, barakoa haivui. Kuna Jumamosi nilitoka pale nikiwa nataka kulia kwa hasira, nikapita moja kwa moja hadi chumbani bila kumsalimia mtu. Jumamosi iliyofuata nikarudi.

Mtihani tumefanya juzi. Walinitengea meza yangu peke yangu, chini ya spika, mbele ya watu mia mbili, kama mwanafunzi aliyekamatwa na makosa. Wote walinitazama. Nilisikia, Baba, si yote. Kuna maswali nilisikia kabisa mpaka nikaogopa. Kuna mengine yalinipita, na kuna mahali kifaa kilikwaruza nikatamani kukitafuna. Kama sijafaulu, safari hii sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Majibu yatatoka mwisho wa Januari.

Cheche


28 Januari

Baba, Mama,

Shikamooni. Kusikiliza: kumi na tisa.

Soma tena, usidhani nimekosea kuandika. Kumi na tisa kamili, ile inayotakiwa, hakuna hata moja ya kuweka mfukoni. Jumla mia na ishirini na moja. Nimefaulu. Mwalimu aliposikia alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

Kampuni nayo ilileta fomu yake ya afya mwanzoni mwa mwezi, kabla ya majibu kutoka, na swali la nane linauliza habari ya masikio. Niliandika. Wakanyamaza wiki mbili, wakanipigia kwa video, daktari wao akaniuliza mengi, na nikamwomba akae karibu na kamera nimwone. Wamenikubali, lakini mwaka wa kwanza si kwa kuchomelea. Nitakagua mishono ya wengine, mbali na grenda. Nimekasirika siku tatu. Mikono iliyowashinda kumi na wawili inakwenda kushika tochi na kioo. Nimesaini, ila hasira ninayo.

Nasafiri tarehe tano Aprili. Njooni mniage uwanja wa ndege.

Kuhusu lile lingine kati yangu na wewe, Baba, bado sijui. Nimejaribu kuliandika hapa na limekataa. Usiniulize kwa barua.

Cheche


7 Aprili

Mwanangu,

Natumaini umefika, umelala, na umekula chakula na si Jumapili. Sisi tumerudi salama. Mama yako alilia njia nzima, kisha tulipofika akafagia uwanja wote ambao ulikuwa umeshafagiwa. Mafundi wanakusalimu. Yule mkubwa anavaa vizibo bila kuambiwa sasa, ingawa akiniona huviondoa kidogo ili nisifikiri nimeshinda.

Ulisema nisikuulize kwa barua, na nilikuwa nimekubali. Lakini kuna jambo limetokea na ni lazima niliseme leo, nikilala nalo siku ya tatu nitalizoea.

Pale uwanjani, walipokuita mara ya mwisho, ulirudi ukanikumbatia. Ulinikamata kwa nguvu, kidevu chako begani kwangu, ukaniambia kitu sikioni. Lilikuwa si neno moja. Nilihisi pumzi yako, nilihisi kifua chako kinavyotetemeka ukisema. Halafu ukaniachia, ukanitazama, ukawa unangoja.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Ukafuta uso ukaenda.

Uliniambia upande wa kushoto, Cheche, na mdomo wako sikuuona. Inawezekana ulisema umenisamehe. Inawezekana ulisema hutanisamehe kamwe, na mimi nikakubali kwa furaha kama mpumbavu. Inawezekana ulikuwa unaniambia nimekukanyaga mguu. Mama yako aliniuliza ulisema nini, nikamjibu mambo ya safari tu. Nimemdanganya, na leo asubuhi nimemwambia kwamba nimemdanganya.

Ningekuomba pale pale urudie. Watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa umeshageuka, lakini hiyo si sababu. Niliona aibu.

Sikusikia, mwanangu. Niandikie.

Baba yako